Valvu Niliyoamuru Ifungwe

Nsambya, Kampala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekupa nafasi ya kulala, na kwamba shangazi Mwanahawa bado yupo hapo anakupikia. Mimi mwili ni mzima. Pole tena kwa kuondokewa na Mama. Barua ya msiba ilinifikia mmeshazika, na tangu hapo kila ninayezungumza naye hapa ni mtu asiyemjua. Hilo linaniumiza kuliko kazi yenyewe.

Niliahidi kuja kwenye arobaini. Nisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unajua natunza pampu ya hapa bondeni, inayopandisha maji ya kisima kwenye tangi la nyumba za askari. Ile ya zamani iliharibika wakati wa vita. Wakaleta mpya yenye nguvu mno, mabomba wakaacha yale yale membamba. Anayeiwasha na kuizima ni Opio, askari mstaafu, mtu wa kaskazini, anayekaa na mkewe na watoto katika chumba alichopewa kwa kazi hiyo, ubavuni mwa pampu. Ndiye pekee ninayepiga naye soga. Kiswahili chake ni cha kambini, na nikisema "tafadhali" hunicheka, eti naongea kama redio.

Mwezi uliopita aliniita. "Fundi, hii pampu iko natetemeka. Nafanya nini?"

Nikamjibu bila hata kuigusa: binya valvu ya kutolea maji, ifunge kidogo, itatulia. Ndivyo ulivyonifundisha kwenye shamba la mkonge, na kule ilitulia kila mara. Opio akabinya. Ikazidi. Mchana, watu wakiwa kazini na maji hayatumiki, mshale wa geji ya presha ulipanda na kushuka, maji yakaenda, yakasita, yakarudi kwa mguno. Nikamwambia abinye zaidi, naye akabinya. Haikuchukua siku nyingi, beringi zikasagika na shafti, mhimili unaoizungusha, ikapinda.

Mhandisi wa ofisi ya Nakasero alipokuja kukagua, alitueleza kwa chaki sakafuni. Pampu inayotoa maji kupita kiasi, kama ile yetu ya shamba la mkonge yenye bomba pana, ukiibana unaisaidia. Hii ya hapa ilikuwa imekosa njia tayari. Ukiibana, maji yanageuka humo humo ndani na kupigana na yale yanayoingia, kama watu waliokutana mlangoni, hawa watoke, hawa waingie. Ilitakiwa tufungue bomba la kuyarudisha kisimani ili ipumue. Kwa hiyo Baba, wewe hukukosea. Nimekosea mimi niliyedhani pampu zote ni moja.

Kisha akauliza nani aliyefunga valvu.

"Mimi nalifunga, bosi," Opio akasema, akitazama viatu vyake.

Hakunitaja. Nami, karatasi ya likizo ikiwa mfukoni mwa shati, nikanyamaza. Akafukuzwa kazi, akapewa wiki moja ahame chumba.

Siku mbili nilimwona mkewe akifunga vyombo kwenye shuka. Alinisalimu kama kawaida, akaniuliza kama nimekula. Nilishindwa kumtazama usoni. Siku ya tatu nikapanda Nakasero ofisini, nikasema amri ilikuwa yangu. Mhandisi akataka kujua nani alinifundisha. Nikasema nilijifundisha mwenyewe. Opio amerudishwa kazini. Likizo yangu imefutwa mpaka pampu ipone, na shafti mpya bado inasubiriwa kutoka Nairobi.

Opio alikuja kunishukuru. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba Mama amefariki na kwamba likizo iliyofutwa ilikuwa ya kuja kumwombea. Akaniuliza, "Sasa hapa wewe nalia na nani?"

Sijuti kusema kweli, Baba, lakini nilidhani nikishaisema nitajisikia mwepesi, na sijisikii hivyo. Kutwa nashika spana, na jioni sina wa kumwambia hata jina la Mama.

Msalimie shangazi Mwanahawa, aliyemuuguza Mama kwa niaba yetu sote. Msalimie mdogo wangu Salehe, na umwambie kuwapokea wageni sasa ni kazi yake, asione haya kukaa mahali pangu. Mjomba Rajabu mpe mkono wangu.

Nakujua. Utachelewesha dua ya arobaini huku ukitega sikio mlangoni. Usinisubiri, Baba. Anzeni.

Mwanao wa kwanza,
Hamisi