Mjukuu Aliyeazimwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo kidogo cha polisi, Kariakoo
Tarehe: 22 Juni 1999, kuanzia saa 4:15 asubuhi
Jina: Hind binti Hamud
Umri: Miaka 53
Asili: Mwarabu, mzaliwa wa Dar es Salaam
Dini: Mwislamu
Kazi: Mfanyabiashara, duka la khanga na vitenge
Makazi: Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, juu ya duka lake
Tuhuma: Kuharibu kumbukumbu za serikali kwenye kompyuta
Mtuhumiwa: Evarista, muuguzi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimeonywa kwamba kusema uongo mbele ya polisi ni kosa. Nimejibu kuwa ni uongo huohuo ulionileta.

Namfahamu Evarista, muuguzi wa Zahanati ya Mlangomkuu, nyumba ya tatu kutoka dukani kwangu. Namfahamu pia Bwana Vitalis, meneja wa zahanati hiyo. Ni mteja wangu, na mkewe hapitwi na khanga mpya. Zahanati yao ni ya binafsi, ilifunguliwa baada ya serikali kuruhusu zahanati za watu binafsi. Mwaka jana walipewa ruzuku ya serikali: mashine ndogo ya kupima masikio ya watoto wachanga, pamoja na kompyuta ya kuwekea majibu. Majibu hupelekwa wizarani kila mwisho wa mwezi, na mtoto ambaye mashine imeonyesha hasikii huitwa hospitali kubwa kwa vipimo zaidi. Haya nimeyajua juzijuzi kwa Evarista. Kabla ya hapo hayakunihusu.

Shida yao ilikuwa kwamba mashine inamtaka mtoto mchanga, na huku kwetu mtoto mchanga hatoki nje mpaka atimize arobaini. Wahindi nao wana miiko yao. Jirani yangu Ranjanben aliwahi kumwambia Bwana Vitalis mbele yangu, "Mkwe wangu atoke na kitoto juani ukakitie waya masikioni? Ngoja kikue kwanza." Aliyeupanga mradi ule nadhani alizaliwa mtu mzima. Kwa hiyo benchi la zahanati lilikuwa tupu, ila majina kwenye kompyuta yalikuwa yamejaa, kwa sababu yaliletwa kutoka wodi ya wazazi.

Mnamo tarehe 14 Juni 1999, siku ya Jumatatu, kama saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nafungua duka. Bwana Vitalis akaja, akasema, "Shikamoo, Mama Rasha. Leo nina ugeni kutoka wizarani. Wasipoona watoto, ruzuku inakatwa. Niazime mjukuu wako, saa moja tu." Binti yangu Rasha yuko kwangu kwa uzazi wa kwanza, na mwanawe, Sitara, alikuwa ametimiza arobaini wiki moja kabla. Mimi watu wameniazima sufuria za pilau, majamvi, hata godoro la mgeni. Kuazimana ndio ujirani. Basi na mjukuu nikamwazima.

Nilimbeba mwenyewe. Pale zahanati niliwakuta wanawake wengine watatu na watoto wao, wote wameshatoka arobaini, wamepewa soda. Wageni walikuwa wawili, wamefunga tai na wanatoka jasho. Evarista alimwekea Sitara kidude cha mashine sikio moja, kisha la pili. Ikawaka taa nyekundu, ile ya asiyesikia. Bwana Vitalis alicheka, akawaambia wageni kuwa mtoto amechezacheza.

Wageni walipoingia chumba cha kompyuta, Bwana Vitalis aliniambia nirudi kwenye foleni na mtoto nimfunike khanga nyingine. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Safari hii ni mtoto wa Angelina. Angelina yuko ndani hajatoka arobaini, tunamsaidia tu." Angelina ni muuza vitumbua wa nyumba ya nyuma. Mara ya tatu Sitara aliitwa mtoto wa Zalak, ambaye ndiye mkwe wa Ranjanben. Nataka iandikwe kwamba nilicheka. Asubuhi moja tu, mjukuu wangu alikuwa ameshapita kanisani na hekaluni.

Mara zote tatu taa ilikuwa nyekundu. Wale watoto wengine nao walizungushwa vilevile, na wao kila mara ilikuwa kijani.

Wageni walipoondoka, Evarista alinivuta pembeni. Akasema, "Mama, mashine si mbovu. Nimeijaribu sasa hivi kwenye sikio langu. Mtoto anahitaji hospitali." Nilimkasirikia sana. Nilimwambia, "Wewe binti, kitoto kimetoka arobaini juzi, unataka kukitia mkosi?" Nikaondoka bila kuaga.

Mkabala na duka langu kuna muuza kanda za muziki, na spika zake ni kubwa kuliko kibanda chake. Tangu mtoto azaliwe tulikuwa tukimsifu. Wateja nilikuwa nawaambia, huyu ndiye mtoto wa Kariakoo, kanda zinalia mlangoni na yeye amelala fofofo. Adhuhuri ile nilikaa naye kitandani. Kanda zilikuwa zinalia, naye yuko macho, anatazama pazia. Nilikaa nyuma yake nikamwita kwa majina yote tunayomwitia. Hakugeuka. Afande, mimi si mtu wa kulia, lakini siku ile nililia kwa sauti, na hilo nalo hakulisikia.

Nilimweleza Rasha siku ileile. Rasha akasema, "Mama, sasa Hussam nitamwambiaje?" Nikamjibu kwamba Hussam ni baba wa mtoto, si mteja wa kufichiwa kasoro ya kitambaa. Hussam anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Alikuja jioni akitokea kazini. Alimpokea mtoto, akampakata mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Sawa. Tunaanzia wapi?" Nampenda mkwe wangu, na hili pia liandikwe.

Siku ya Jumatano, tarehe 16 Juni, nilikwenda kwa Evarista. Kwanza nilimwomba radhi, halafu nikamuuliza swali lilelile la Hussam. Akasema tungoje wito, kwa sababu mtaalamu wa hospitali anawapokea watoto waliomo kwenye taarifa ya wizara. Akafungua kompyuta anionyeshe. Pale ndipo sote wawili tulipoona. Sitara: anasikia. Mtoto wa Angelina: anasikia. Mtoto wa Zalak: anasikia. Evarista alisema yeye hakuandika hivyo, na kwamba anayeingiza majibu siku za wageni ni Bwana Vitalis. Taarifa ikienda hivyo mwisho wa mwezi, hakuna atakayemwita Sitara, si mwaka huu wala mwakani. Nilimwambia lazima irekebishwe. Alisema anahofia kazi yake, nami sikumlaumu. Siku ya Ijumaa alipita dukani akasema, "Mama, mlete Jumatatu."

Jumatatu, tarehe 21 Juni, saa tatu asubuhi, Evarista alimpima Sitara upya mbele yangu, kwa jina lake mwenyewe. Nyekundu. Akakaa kwenye kompyuta, nami nikasimama nyuma yake na mtoto. Kwa Sitara aliandika: hasikii, aitwe hospitali. Kwa wale wawili aliandika: hawajapimwa. Hakugusa kitu kingine. Mimi kusoma najua, na miwani nilikuwa nimevaa. Hicho ndicho kinachoitwa kuharibu kumbukumbu za serikali.

Bwana Vitalis alitukuta hapohapo. Akasema, "Evarista, unachezea mali ya serikali." Evarista akamjibu, "Nimeandika nilichokiona." Bwana Vitalis akatoka, akarudi na askari, na Evarista akachukuliwa.

Tulipobaki wawili, Bwana Vitalis alibadilisha sauti. Akasema, "Mama Rasha, haya tuyamalize kienyeji. Nina daktari wangu. Sitara ataonwa wiki hii hii, kimyakimya. Ukienda polisi mtaa mzima utajua mna kiziwi ndani, na ni mtoto wa kike huyo." Sitaficha, nilitamani. Kwa muda wa kama kuhesabu noti za mteja mmoja, nilitamani sana. Kisha nikamuuliza, "Na mtoto wa Zalak?" Akasema yule ni mzima. Nikamuuliza amejuaje, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumshika sikio. Alianza kupanga makaratasi mezani.

Nilitoka hapo nikaenda kwa Angelina, kisha kwa Ranjanben. Niliwaambia kwamba watoto wao wameandikwa wanasikia kwa masikio ya mjukuu wangu, na ya mjukuu wangu hayasikii. Angelina alilia. Ranjanben aliniwekea maji ya kunywa na hakusema neno la kunilaumu, ingawa alikuwa na haki.

Afande anayeniandikia ameniuliza kama nataka jina la mtoto lifichwe, iandikwe herufi moja tu. Nimekataa. Ameshaitwa mtoto wa Angelina, ameshaitwa mtoto wa Zalak, inatosha. Anaitwa Sitara binti Hussam. Hasikii. Evarista ndiye mtu wa kwanza kumwandika alivyo. Naomba Evarista aachiwe, na alichokiandika kisiguswe na mkono wa mtu.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo. Nimesomewa yote, ni maneno yangu, na siongezi wala sipunguzi.

Sahihi: Hind binti Hamud

MAELEZO YA MWANDISHI

Maelezo haya yameandikwa nami, Sajini Zahoro, na kumalizika saa 6:05 mchana. Shahidi ana akili timamu. Ameonywa mara mbili ajibu anachoulizwa tu. Ameomba nakala aipeleke hospitali. Nimemweleza kuwa utaratibu hauruhusu kutoa nakala wakati upelelezi unaendelea. Amejibu kuwa hana haraka.

Saa 8:30 mchana: Shahidi bado yuko kwenye benchi la mapokezi pamoja na mtoto. Mkwewe amewaletea chakula.

Saa 10:20 jioni: Mkuu wa kituo ameuliza yule mama anangoja nini. Nimempa maelezo haya, ameyasoma. Ameagiza kompyuta ya zahanati ikachukuliwe leo hii kama kielelezo kabla haijaguswa, na ameruhusu nakala. Shahidi amepokea nakala, ameisoma yote akiwa amesimama, kisha ameuliza muuguzi anatoka saa ngapi. Nimemwambia dhamana bado inashughulikiwa.

Ameketi tena.