Hasi Tisa ya Dada

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mgongo unaokusumbua ukiinamia cherehani umetulia. Sisi huku hatujambo. Mwanangu amerefuka hadi suruali ulizomshonea zinamwishia juu ya vifundo, na bado anazing'ang'ania. Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Niliogopa utaikata nikitaja tu neno aljebra. Barua huwezi kuikata, na hata ukiichana, nakujua, utaokota vipande uone ilikuwa inasemaje.

Basi nianze na la kukutuliza moyo: nimefaulu! Hesabu, dada, ileile iliyoniangusha mara mbili. Chuo cha uuguzi kimenipokea. Unajua hali ilivyokuwa: umri wa kupokelewa ulikuwa unanipita, na ningeanguka tena ningebaki kudeki wodi na kusukuma vitanda mpaka nistaafu. Si kazi mbaya, lakini nimechoka kumshika mgonjwa mkono halafu niambiwe nipishe wanaojua. Matokeo yalipotoka nilikaa chini palepale kwenye korido, ndoo pembeni, nikalia na kucheka kwa pamoja. Matroni akadhani nimefiwa.

Aliyenisukuma ni mwalimu wetu wa masomo ya jioni, mzee mkali tunayemwita Rudisha. Jina hilo kalipata kwa sababu kila ukitoa jibu anakuamuru ulirudishe kwenye mlinganyo uone kama pande mbili zinalingana. Usipofanya hivyo, anasema, hujapata jibu, umeliokota tu. Kalkuleta hataki hata kuiona mezani. Tulifanya kila kitu kwa mkono hadi vidole vikaota sugu, na mimi nikimlaani kimoyomoyo kila siku.

Kwenye mtihani, sehemu ya pili kalkuleta iliruhusiwa, nami nikaenda na ya kuazima kwa mfamasia wetu. Swali lenyewe lilikuwa hili: x kipeo cha pili, toa x, toa kumi na mbili, ni sawa na sifuri. Nikalifanya kwa mkono, nikapata majibu mawili, nne na hasi tatu. Nikaona nirudishe kwa mashine, niokoe muda. Nne ikaleta sifuri safi. Hasi tatu ikaleta hasi kumi na nane. Nikabonyeza upya, yaleyale. Nikabonyeza pole pole kama mtu anayembembeleza mtoto, yaleyale. Jasho likanitoka, nikashika kifutio.

Hapo, dada, nikakukumbuka wewe. Wewe mwenyewe husimulia kwa wateja wako, wakacheka, jinsi ulivyoukosa upimaji ardhi: mkono ulikupa tisa, mashine ikakupa hasi tisa, ukaiamini mashine. Ukafuta ukurasa mzima, kisha ukafuta na uliofuata kwa sababu ulishaanza kujitilia shaka, na kengele ikakukuta unafuta. Tangu hapo unapima viuno vya watu badala ya viwanja, na ukiulizwa unasema huna kichwa cha hesabu. Nikajiambia, kutoka tisa hadi hasi tisa ni kumi na nane, na mimi nimepungukiwa kumi na nane ileile, mbona hii imekaa kama ya dada?

Nikaweka kifutio chini. Nikaiuliza mashine jambo dogo ninalolijua: hasi mbili mara hasi mbili. Ikajibu nne. Haya. Nikaandika hasi mbili, nikaweka kile kimbili kidogo cha kipeo juu yake. Ikajibu hasi nne! Nilitaka kupiga kelele, msimamizi akanikazia macho. Kumbe, dada, ukiiandikia hivyo inazidisha mbili kwa mbili kwanza, ndipo inabandika hasi mwishoni. Ukitaka ijue kuwa hasi ni ya namba yenyewe, lazima uifungie ndani ya mabano. Nikaifungia hasi tatu yangu kwenye mabano, nikarudisha. Sifuri. Nilishusha pumzi hadi aliyekaa mbele yangu akageuka.

Nilipomsimulia Rudisha habari yako, alisema mtu aliyepata tisa kwa mkono alikuwa anajua hesabu, ila hakuna aliyemfundisha ile mashine. Nimekuandikia neno kwa neno ili ulisome mara nyingi upendavyo. Ulikuwa sahihi, dada. Ulifuta jibu sahihi.

Sasa usikasirike. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa juzi, na kivuli cha cheti chako kilikuwa kwangu. Nimekuandikisha. Mtihani uleule, na kozi niliyojaza ni upimaji ardhi, ambayo haina kikomo cha umri; niliuliza kwanza. Rudisha amekuwekea nafasi kwenye dawati la mbele, na ameniahidi atavumilia kalkuleta, kwa ajili yako tu. Shemeji nimeshamwambia. Alicheka, halafu akasema tangu akuoe hajawahi kukuona ukikata kitambaa vibaya, kwa hiyo hilo la kutokuwa na kichwa hakuliamini hata siku moja.

Wabusu watoto. Msalimie shemeji na jirani yako wa kufuma. Chumba cha huku nimeshakutandikia. Mara ile ulitoka mtihanini ukalia peke yako nje ya ukumbi. Safari hii mimi nitakuwa getini nakusubiri.

Ni mimi mdogo wako,
muuguzi mtarajiwa