Karata Sitini za Bakari

Bakari ndugu yangu,

Nakuandikia kwa aibu, wallahi. Arobaini yako ilisomwa Ijumaa huko kwenu Msambweni, na mimi nimefanya jambo nisiloweza kulirekebisha.

Unamjua mama yako. Siku alipofungua begi lako akaikuta ile seti, zile karata zako sitini za mashindano, aliniita chumbani, uso umemwiva. "Mwanangu, Bakari alikuwa akicheza kamari?" Nikaingiwa na hofu. Nilitakiwa kumweleza kwamba ni mchezo wa akili, karata za picha za majoka na ngao zinazopambanishwa mezani, hauna pesa ndani yake, na kwamba ulizikusanya miaka mitatu, moja moja, kwa wageni wa pale hotelini Diani. Badala yake nikasema, "Laa mama, ni picha za watoto tu." Akashusha pumzi, akanishukuru.

Basi siku ya arobaini, baada ya pilau, namwona anazigawa! Watoto wa madrasa wamepanga foleni, kila mmoja na karata yake moja, sadaka yako. Nilisimama na sahani mkononi. Karata yako ya joka kubwa niliiona ikitoka mlangoni, mtoto anajipepea nayo.

Nani aliyeijua seti ile kuliko mimi niliyepigwa nayo kila Jumapili hapa barazani pangu Ukunda? Majoka yako manne yakishashuka mezani, kwisha habari yangu. Lakini ilikuwa nzito kuanza. Zamu tatu za mwanzo huna ulinzi wowote. Ukikutana na mpinzani wa haraka, anakumaliza majoka ungali umeyashika mkononi. Nilikuambia mara ngapi upunguze mawili, uweke ngao? Wewe unacheka tu: "Subira, bwana. Utaniona." Mbishi wewe! Halafu homa ikakuchukua kwa siku nne. Nne tu, Bakari. Hata kubishana nawe tena sikuwahi.

Ulipolazwa uliniambia, "Nisipotoka, kwenye mashindano ya Mombasa nenda ukacheze na seti yangu." Nikaitikia. Mashindano ni Jumamosi hii, sasa niende na nini? Sadaka hairudishwi. Nipite nyumba za watu nikiwanyang'anya watoto? Na nikimwambia mama yako ukweli, atajua nilimdanganya msibani, tena atajua amekigawa kitu ulichokipenda kuliko vyote. Nimegeuza huku, nimegeuza kule. Sina la kufanya.

Jana nilimpitia kumjulia hali. Akaniambia kila mtoto anayeitazama picha yake akafurahi, wewe huko unaandikiwa thawabu. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikasema amin.

Buriani ndugu yangu, Mola akupe kauli thabiti. Mombasa siendi, unisamehe. Ahadi niliyokupa nimeivunja, lakini hii nyingine nitakufa nayo: mama yako hatajua zilikuwa nini.

Rafiki yako,
Omari