Ukuta wa Stoo ya Baba Mkwe

Matema, Jumapili baada ya ibada

Dada yangu Marta,

Ugonile? Watoto wameamkaje, na mguu wa shemeji unaendeleaje? Sisi wazima, ila mimi usingizi sina. Nakuandikia kwa sababu simu huku huongelewa mbele ya watu, na haya si ya watu.

Unakumbuka baba mkwe alichimba stoo chini ya nyumba, mpunga wa mbegu ukae penye ubaridi. Mwezi huu akazikinga kuta zisipitishe joto: pumba za mpunga kwanza, zikiegemea udongo, kisha nailoni kwa ndani, kisha mbao. Nilipoona nikajua kakosea. Pale ghala la kokoa nilipofanya kazi Kyela, nailoni ilikaa upande wa unyevu, pumba zikabaki kavu. Hizi za mzee zinakunywa maji ya udongo, na maji hayana pa kutokea. Mvua zilipoanza, harufu ya ukungu ikapanda mpaka jikoni. Mbegu ya nyumba nzima imo humo, dada. Ikioza, mwaka huu hatupandi.

Na mimi nisemeje? Hapa mila wanaishika hasa: mkamwana haonani na baba mkwe, sembuse kuongea naye. Akikohoa uani najitupa nyuma ya migomba, na tumbo langu hili. Mume wangu Aliko yuko kazini Mbeya. Nikamtuma mama mkwe. Mzee akauliza tangu lini wapishi wanajenga. Mama akacheka, yakaishia hapo.

Sasa nikuungamie. Juzi mzee aliaga kwenda Ipinda, nikashuka kung'oa mbao mwenyewe. Kumbe mvua ilimrudisha, yumo mle ndani, kajiinamia kwenye magunia. Akageukia ukuta haraka, kofia usoni. Nilipaswa kukimbia, dada, lakini mdomo ukatangulia: "Nailoni ikae kwenye udongo, baba. Pumba zije ndani."

Akauambia ukuta: "Nimesikia, ukuta. Na sakafu je?"

Nikamjibu nikiwa nimempa mgongo, kwamba hata sakafuni itandikwe, halafu nikapanda ngazi mbio. Jana mzee kabomoa mbao na pumba zote na kuanika mbegu barazani. Magunia ya ukutani yameharibika, mengine mazima. Hajamwambia mtu. Ila wakijua, nitarudishwa nyumbani na mimba yangu.

Na leo mama mkwe kaninong'oneza kwamba mzee anachanganyikiwa: yuko chini tangu chai, anauuliza ukuta habari za mlango, kisha ananyamaza kama anayesubiri jibu. Nishuke, dada, au nisishuke?

Msalimie mama, lakini hii usimsomee. Ndaga kwa kuniombea.

Mdogo wako,
Catheline