Nukta ya Bosi

Shoga, nina hasira kweli.

Jana bosi wa maabara aliniandikia amri ya grep, ile ya kompyuta ya kutafutia maandishi, nitafute kwenye faili la majibu mwenye sampuli 12.4. Yakatoka majina mawili. Nikamuuliza. Akasema, “Wapigie wote, wana maambukizi.”

Wote, alisema. Nikawapigia.

Leo imejulikana mmoja hana kitu. Bosi akanigeuka mbele ya watu: “Hata kutafuta namba hujui?”

Mimi ndiye nisiyejua!

Nikasoma maelezo. Kwenye grep nukta inasimama badala ya alama yoyote moja, ndiyo maana sampuli 1274 nayo ikaingia. Nikaweka mkwaju wa nyuma, ile alama \ inayoifanya nukta iwe nukta tu, kabla ya nukta, likatoka jina moja. Nikamwonyesha. Akasema, “Sawa, endelea na kazi.”

Nimeenda mwenyewe kumwomba radhi yule mama wa 1274. Akaniambia, “Mwanangu, tangu jana nimemnyima mtoto ziwa.”