Mayai Meusi ya Kunguni

Jumatatu, 7 Juni 1976. Lodwar.
Nimepinda mgongo kwenye mtama wa Akiru, mkulima wa hapa, tangu alfajiri. Mayai ya kunguni wa mtama, wale wanaonyonya punje, kila mahali, yamepangwa chini ya majani kama vipipa. Lakini mengi yamekuwa meusi! Ndani yake kuna watoto wa nyigu wangu. Yale niliyoyalea chumbani kwenye chupa ya jamu yalitoa nyigu weusi, wadogo kuliko sisimizi. Nikawaachilia shambani. Sasa wanataga ndani ya mayai ya kunguni, na watoto wao wanayala.

Jumatano, 9 Juni.
Bwana Afisa wa kilimo amepokea pipa la dawa ya wadudu. Jumamosi ploti zote za mradi zinyunyiziwe. Nikasema dawa itaua nyigu kwanza. Akacheka mbele ya makarani.
"Serikali ilikuleta huku kufuga nyigu, Miss?"
Nilichukia. Bado nimechukia. Mimi ni msaidizi tu wa kilimo, na mwanamke. Lakini macho ninayo.

Ijumaa, 11 Juni.
Nimemweleza Akiru. Mumewe yuko mbali akichunga mbuzi. Watoto wanategemea mtama huu.
"Hii nyigu yako ikikataa?"
"Basi utakosa mtama, na mimi nitakuwa nimekukosea."
Akageuza jani, akatazama mayai meusi. "Mwaka jana dawa iliua nyuki. Kunguni ilirudi. Shamba ni yangu. Mimi nakataa dawa."
Naogopa. Nikikosea, si mimi nitakayelala njaa.

Jumamosi, 12 Juni.
Watu wa Afisa walikuja naye, mabomba ya dawa mgongoni. Akiru alisimama kwenye mfereji na fimbo yake. Nikasimama kando yake. Sikuondoka.
Afisa: "Toka hapo. Hii ni amri."
Mimi: "Niandikie barua, Bwana. Lakini hapa hawapiti."
Wanaume wa mabomba walitazama chini. Wakazunguka, wakanyunyizia ploti nyingine. Afisa kaniambia nitajuta. Labda. Leo sijuti.

Alhamisi, 24 Juni.
Barua imefika. Uhamisho Kakuma, kwa utovu wa nidhamu. Nitaondoka mwisho wa Julai, nikishakabidhi ofisi.
Mayai meusi yametoboka. Nyigu wametoka, kwa wingi. Pembeni, upande ambako upepo ulileta dawa ya majirani, wamekufa, na huko kunguni wananyonya punje. Katikati ni safi.

Jumanne, 20 Julai.
Akiru anavuna. Mistari ya pembeni ni makapi matupu. Iliyobaki, masuke mazito. Kwa majirani kunguni walirudi baada ya dawa. Wamepata kidogo, na hilo linaniuma.
Afisa alikuja. Akasugua suke kiganjani, akapuliza makapi, akatazama punje. Hakufuta uhamisho. Sikumwomba.
Akiru kanishika mkono mbele yake. "Huyu mama ni wetu."

Jumapili, 8 Agosti. Kakuma.
Chumba cha mabati, joto. Kanisani sikumjua mtu. Baadaye nilitembea hadi Tarach. Mto mkavu, wanawake wanachota maji kwenye shimo la mchanga. "Ejok," nikawasalimu kwa Kiturkana. "Ejok-nooi," wakaitikia. Mmoja, aliyejua mimi ni mtu wa kilimo, akauliza nimeleta dawa gani. Nikasema sina dawa. Akacheka, akasogea, akanipa nafasi ya kukaa.
Nilikaa mpaka jua likapoa.