Picha ya Kaburi

Salma mjukuu wangu,

Asalaam alaykum. Hapa Mabela sote wazima, mamako anakusalimu. Umeniuliza vita vikuu viliwafanya nini hao Wazungu unaosoma kwao. Sababu zake utafundishwa darasani. Miye nnakumbuka kijicho changu tu.

Utotoni Unguja, mwalimu wetu Mwingereza alikuwa na picha ya kaburi la nduguye aliyekufa vitani, jina limechongwa vizuri. Ami yangu, nduguye baba, alikufa katika vita hivyohivyo na kaburi lake hatulijui. Roho ikiniuma kila nikiiona picha ile. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, una bahati."

Akaniuliza sisi tulimlilia vipi ami. Nikamwambia mtaa mzima ulikuja kutusomea khitma.

Akanitazama kwa kijicho kikubwa kuliko changu.

"Kwetu hakuja mtu," akasema. "Kila nyumba ilikuwa na msiba wake."

Akupendaye,
Bibi yako